Oili Ibadilishwe na Nani? Usomaji wa Hati ya Dhamana ya Gari

Utangulizi

Matini anazokutana nazo mwanafunzi wa Kiswahili chuoni huwa ni riwaya, tamthilia, diwani za mashairi na, katika miaka ya karibuni, matangazo ya biashara na hotuba za wanasiasa. Hati ya dhamana ya gari haimo katika orodha hiyo. Kijitabu hicho hukaa ndani ya kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, bado kimo katika mfuko wake wa nailoni, mpaka siku injini itakapogoma. Siku hiyo ndipo watu hukisoma, na ndipo inapodhihirika kwamba kila kiambishi kilichomo kina bei yake.

Makala hii inakichunguza kijitabu hicho kwa swali moja: je, mwenye gari jipya anayebadilisha oili kwa mikono yake mwenyewe huipoteza dhamana ya gari lake? Mfano uliochaguliwa ni wa Marekani. Huko kazi hii imekuwa desturi ya nyumbani kwa miaka mingi, na maduka ya vipuri huuza oili, chujio na karai la kumwagia kwa yeyote anayetaka kulala chini ya gari lake siku ya Jumamosi. Isitoshe, sheria ya huko imelijibu swali lenyewe tangu mwaka 1975, na jibu hilo, kama itakavyoonyeshwa, limejengwa juu ya lugha kuliko juu ya ufundi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hati ya dhamana hudai kazi ifanywe na ithibitishwe kuwa imefanywa. Haidai ifanywe na fulani. Huyo fulani huongezwa na anayesoma, au na anayeuza.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi mbili zielezwe. Neno dhamana lina kazi nyingi katika Kiswahili: mahakamani humtoa mshtakiwa korokoroni, benki huwa ni shamba au nyumba iliyowekwa rehani, na dukani huwa ni ahadi ya muuzaji kwamba kitu kikiharibika katika muda uliotajwa kitatengenezwa bila malipo. Wengine husema waranti, wengine garantii. Makala hii inatumia dhamana kwa maana ya dukani. Kuhusu oili, ni yale mafuta mazito yanayolainisha vyuma vya injini. Kuyabadilisha ndiko baadhi ya mafundi wa gereji hukuita kumwaga oili, ingawa kumwaga ni nusu tu ya kazi.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Sentensi ya kawaida katika vijitabu hivi, ikiwekwa kwa Kiswahili sahili, ingekuwa na sura kama hii ya kubuni:

Oili ya injini na chujio lake vibadilishwe kila baada ya maili 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia.

Sentensi hiyo iko katika kauli ya kutendwa. Kiambishi -w- kimewatoa oili na chujio kwenye nafasi ya watendwao na kuwakalisha kwenye kiima, na mtendaji ameondoka jukwaani. Katika Kiswahili mtendaji wa aina hiyo hurejeshwa kwa na: vibadilishwe na fundi, vibadilishwe na mwenye gari, vibadilishwe na wakala wa kampuni. Mwandishi wa kijitabu hakukiandika kikundi hicho. Wala hakukisahau, kwa kuwa vijitabu vya namna hii hupitiwa na mawakili neno kwa neno kabla havijapigwa chapa.

Hata hivyo, akili ya msomaji haivumilii pengo. Mnunuzi ametoka kuzungumza na muuzaji aliyevaa tai, katika ukumbi unaonukia magari mapya, naye ameambiwa maneno mfano wa haya: "Gari lifanyiwe matengenezo hapa, la sivyo dhamana itakufa." Maneno hayo machache yana ufundi mkubwa wa lugha. Kielezi hapa kimeliziba pengo lililoachwa wazi na kijitabu. Kitenzi itakufa nacho hakina mtendaji wala hakimhitaji, maana kifo huja chenyewe. Hakuna aliyesema, "Sisi tutakataa kukulipia." Anayemsikiliza muuzaji huyu huondoka akiamini kwamba dhamana ni kiumbe dhaifu kinachoweza kufishwa na spana ya mtu asiye na sare ya kampuni.

Kuna pia suala la lazima na mapendekezo. Vijitabu vingi hupendekeza oili yenye jina la kampuni iliyotengeneza gari. Kupendekeza si kushurutisha, lakini katika masikio ya mteja aliyekopa ili kulinunua gari, tofauti kati ya inapendekezwa na ni lazima hufifia upesi sana. Mhakiki yeyote wa usemi angeona hapa uwanja mpana wa utafiti.

Sheria ya mwaka 1975

Mnamo tarehe 4 Januari 1975 Rais Gerald Ford aliitia saini Sheria ya Magnuson-Moss, inayobeba majina ya Seneta Warren Magnuson wa jimbo la Washington na Mbunge John Moss wa California. Sheria hii haimlazimishi mtengenezaji kutoa dhamana ya maandishi. Inachosema ni kwamba akishaamua kuitoa, basi aitoe kwa masharti fulani, na sharti mojawapo litamfurahisha kila mwanafunzi wa lugha: hati iandikwe kwa maneno mepesi yanayoeleweka kwa urahisi. Bunge la nchi nzima lilikaa na kuufanya mtindo wa sentensi kuwa suala la kisheria.

Kifungu kinachogusa oili kinapiga marufuku kufungamanisha. Mtoaji wa dhamana haruhusiwi kuifanya itegemee mnunuzi kutumia bidhaa au huduma iliyotajwa kwa jina la kibiashara. Kuna milango miwili tu ya kutokea. Bidhaa au huduma hiyo itolewe bure. Au mtengenezaji aiombe Tume ya Biashara ya Shirikisho ruhusa maalumu, akithibitisha kwamba chombo chake hakiwezi kufanya kazi sawasawa bila bidhaa hiyo na kwamba ruhusa yenyewe haiendi kinyume na masilahi ya umma. Kwa hiyo kampuni ikitaka kumlazimisha mwenye gari atumie chujio lake na hakuna jingine, na impe bila malipo.

Ni muhimu kutenganisha hapa jina na kiwango, maana wengi huvichanganya na kuchomeka. Sheria inakataza sharti la jina. Haikatazi sharti la kiwango. Kijitabu kikisema oili iwe 0W-20 na iwe na alama ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, yaani API, hicho ni kiwango, nacho ni cha kutiiwa. Tarakimu iliyotangulia herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi, na ile inayofuata hueleza uzito wake injini ikiwa imepata moto; W yenyewe ni ya majira ya baridi. Kiwango cha dexos cha General Motors kinakaribia sana kuwa jina, lakini kampuni nyingi huuza oili zenye leseni ya alama hiyo, hivyo mnunuzi bado ana uhuru wa kuchagua. Anayemimina 10W-40 katika injini inayotaka 0W-20 kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu hawezi kujificha nyuma ya Magnuson-Moss. Ameukosa kwanza mtihani wa kusoma.

Tume ilitoa ufafanuzi wake wa kwanza wa sheria hii mwaka 1977, ikaurekebisha mwaka 2015. Marekebisho ya 2015 yana mvuto wa pekee kwa wanaosoma pragmatiki. Yalieleza kwamba marufuku haiishii kwenye masharti yaliyotamkwa waziwazi, bali inayafikia pia maneno yanayomfanya mtu mwenye busara ya kawaida adhani kwamba sharti lipo. Kwa lugha ya darasani, maana dokezwa imepewa uzito uleule wa maana ya moja kwa moja. Mtengenezaji hawezi kujitetea kwamba hakusema, ikiwa alijua fika kwamba atasikika hivyo.

Utekelezaji haukubaki kwenye karatasi. Mwezi Aprili 2018 Tume ilitangaza kwamba imezionya kwa barua kampuni sita kuhusu masharti ya namna hii, na Hyundai ilikuwa mojawapo. Mwaka 2022 ilizichukulia hatua Harley-Davidson, kampuni inayotengeneza jenereta za Westinghouse, na Weber inayotengeneza majiko ya kuchomea nyama. Adhabu waliyopewa inastahili kutajwa katika jarida la lugha: pamoja na kuacha masharti hayo, waliagizwa kuongeza katika hati zao maneno ya wazi yanayomwambia mteja kwamba kupeleka chombo kwa fundi wa nje, au kutumia vipuri vya kampuni nyingine, hakubatilishi dhamana. Kosa lilikuwa la sentensi, na tiba ikawa sentensi.

Dhamana haifi yote

Linalofuata ndilo kiini cha jambo, na ndilo linalopotoshwa zaidi na lile neno itakufa. Kwa mujibu wa ufafanuzi wa Tume, mtengenezaji anaweza kukataa kugharimia uharibifu uliosababishwa na kipuri kibovu au kazi mbovu ya mtu mwingine. Ila ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba uharibifu ulitokana na hicho. Hakatai dhamana; anakataa dai moja, kuhusu sehemu moja, kwa sababu anayoweza kuitaja.

Chukulia mwenye gari wa kubuni huko Ohio, aliyesahau kukaza bolti ya kumwagia oili. Oili inavuja njiani, taa nyekundu inawaka, yeye anaendelea kuendesha, na injini inakwama. Hilo ni lake, na hakuna sheria itakayomwokoa. Lakini mota ya dirisha la gari hilohilo ikikataa kufanya kazi wiki inayofuata, dhamana ya dirisha ingali hai. Sasa mgeuze mtu huyo awe makini: amebadilisha oili mara sita kwa wakati wake, kwa kiwango kinachotakiwa, kisha pistoni ikapasuka kwa kasoro ya kiwandani. Kusema tu kwamba oili ilibadilishwa nyumbani si sababu ya kumkatalia. Lazima aonyeshwe uzi unaounganisha kazi yake na pistoni.

Kinachogombewa si kidogo. Dhamana ya kawaida ya injini na giaboksi kwa magari ya Toyota na Honda yanayouzwa Marekani ni miaka 5 au maili 60,000, ambazo ni kama kilomita 96,500. Ile ya Hyundai na Kia kwa mnunuzi wa kwanza ni miaka 10 au maili 100,000. Injini mpya huweza kula mshahara wa miezi kadhaa wa familia ya kawaida. Wakenya wengi wanaoishi Texas, Georgia, Minnesota na kwingineko huko huenda kazini kwa gari, mara nyingi kazi mbili kwa siku; kwao, kukataliwa dai hili ni kukosa kodi ya nyumba.

Tahadhari moja haina budi kuwekwa hapa. Kile kinachouzwa kwa jina la dhamana ya nyongeza, hasa na kampuni zisizotengeneza magari, aghalabu ni mkataba wa huduma unaolipiwa kando, na kifungu cha kufungamanisha kinahusu dhamana. Mkataba kama huo unaweza kuwa na masharti makali zaidi juu ya nani aguse injini, nao husomwa peke yake, mstari kwa mstari. Gari la kukodi kwa mkataba wa miaka mitatu nalo ni la mwingine, na mwenyewe ana haki ya kuwa na masharti yake.

Kazi yenyewe

Msomaji asiyewahi kulala chini ya gari anaweza kudhani kwamba mjadala huu wote unahusu kazi ngumu. Sivyo. Injini huwashwa dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na kutiririka, kisha huzimwa. Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono huvutwa, magurudumu huwekewa vigingi. Likiinuliwa kwa jeki, ni lazima likalishwe juu ya vigoda vya chuma, kwani jeki ni ya kuinulia, si ya kuaminiwa na uhai wa mtu. Bolti iliyo chini ya bakuli la oili hufunguliwa, oili nyeusi huingia karaini, na washa ya bolti hubadilishwa kwa mpya pale kijitabu kinaposema hivyo.

Makosa yanayoweza kumgharimu mtu dhamana yake ni machache na yanajulikana. La kwanza ni raba ya chujio la zamani kubaki imenata kwenye injini wakati chujio linapotolewa. Jipya likifungwa juu yake, raba huwa mbili, nazo zikipata shinikizo huachia oili itoke yote kwa dakika chache. Kwa hiyo raba ya zamani hutafutwa kwa macho na kwa kidole, na ile mpya hupakwa oili kidogo kabla ya kufungwa kwa mkono. La pili ni kuikaza mno bolti mpaka uzi wa tundu ukalika, hasa katika bakuli la alumini. Spana ya kupimia nguvu na kipimo kilichomo kijitabuni humaliza suala hilo. La tatu huwapata wenye haraka: katika baadhi ya magari bolti ya giaboksi iko karibu na ile ya injini na inafanana nayo. Wapo waliomwaga oili ya giaboksi, kisha wakaongeza ya injini juu ya ile iliyokuwamo, na hivyo kuharibu vitu viwili kwa mpigo mmoja.

Oili mpya humiminwa kwa kiasi kilichoandikwa, ambacho kwa injini nyingi za silinda nne ni kati ya lita 4 na 5. Injini huwashwa, chini ya gari huchunguzwa kama pana matone, injini huzimwa, na baada ya dakika kadhaa kijiti cha kupimia huchomolewa na kusomwa. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza, kwa sababu fimbo kuu ya injini ikiipiga oili huifanya povu, na povu halilainishi chuma. Oili iliyotoka hurejeshwa katika chombo chenye kifuniko na kupelekwa katika maduka ya vipuri yanayoipokea bila malipo. Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira limekuwa likionya kwamba galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Mtaro wa barabarani si mahali pake.

Kuhusu muda, vipo vijitabu vyenye jedwali mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi mazito. Wenye magari hupenda kujihesabu katika ya kwanza. Lakini safari fupifupi za mjini, vumbi, baridi kali na kuvuta trela vyote huingia katika ya pili. Anayeendesha maili tatu kwenda kazini na tatu kurudi, tena mwezi Januari huko Minneapolis, ni mtu wa jedwali la pili hata kama hajioni hivyo. Toyota nyingi zinazotumia 0W-20 huruhusiwa kufika maili 10,000 au miezi 12 katika matumizi ya kawaida, na dereva huyo akijipa maili hizo zote atakuwa amempa mtengenezaji hoja ambayo hakuwa nayo.

Ushahidi

Wakala anayebadilisha oili huacha alama katika kompyuta ya kampuni. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kupita hata ustadi wa fundi wake, ambaye mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa majuzi. Mwenye gari hana kompyuta hiyo. Hivyo ni sharti aandike. Na hapa mwanafunzi wa fasihi yuko nyumbani, kwa sababu daftari la oili ni utanzu wenye kanuni zake: mfupi, mkavu, wenye tarehe, usio na sifa.

Ingizo linalofaa hutaja tarehe, maili zilizosomwa kwenye dashibodi, kiwango na kiasi cha oili, na nambari ya chujio. Risiti hubandikwa kando. Risiti peke yake inathibitisha kwamba mtu alinunua oili. Haithibitishi kwamba aliimimina. Daftari peke yake linathibitisha kwamba mtu anajua kuandika. Vikisomwa pamoja, tarehe zikikaribiana na kiasi kikilingana na ujazo wa injini, huwa hadithi moja ambayo ni vigumu kuikanusha. Wino wa risiti za karatasi laini hufifia kabla ya miaka mitano kwisha, kwa hiyo hupigwa picha au nakala siku ileile, na picha ya dashibodi huongezwa. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotetereka, kana kwamba liliandikwa usiku mmoja, humtia shaka hata msomaji mwema.

Thamani ya karatasi hizi ilionekana mwaka 2002. Baadhi ya injini za Toyota na Lexus zilizotengenezwa kati ya 1997 na 2002 zilikuwa zikijaa oili iliyoganda kama uji mweusi. Mwanzoni kampuni ilielekeza kidole kwa wenye magari kwamba hawakubadilisha oili kwa wakati. Malalamiko yalipozidi, ilitangaza mpango wa kugharimia uharibifu huo kwa miaka 8 tangu gari liuzwe kwa mara ya kwanza, bila kikomo cha maili. Mpango huo uliwahusu wenye magari zaidi ya milioni tatu. Sharti halikuwa kwamba oili iwe imebadilishwa na wakala, bali mwenye gari aonyeshe kwamba alifanya juhudi za kutosha kuibadilisha. Mwenye karatasi alikuwa na la kuonyesha.

Dai likikataliwa, hatua ya kwanza ni ya kisarufi. Mwenye gari aombe jibu kwa maandishi: ni kifungu kipi, ni uharibifu upi, umesababishwa na nini, na nani ameamua. Kaunta inaweza kusema dhamana imekufa; barua haiwezi kusema hivyo bila kuaibika. Ikishaandikwa, mtendaji aliyefutwa na kauli ya kutendwa hurudi mahali pake akiwa na jina na sahihi. Mara nyingine kukataa kwenyewe hulegea hapo, kabla ya wakili kutajwa. Kusipolegea, Sheria ya Magnuson-Moss inamruhusu mteja aliyeshinda kesi kuiomba mahakama iagize gharama za wakili wake zilipwe na aliyeshindwa, jambo linalowafanya mawakili wakubali kesi ambazo vinginevyo zisingelipa hata nauli.

Kuitafsiri hati

Sheria ya Magnuson-Moss haina nguvu Kenya. Mnunuzi wa gari jipya Nairobi anafungwa na hati aliyopewa pamoja na sheria za Kenya, na magari mengi yanayoingia nchini ni yaliyotumika, ambayo aghalabu dhamana ya mtengenezaji imekwisha njiani kabla hayajafika Mombasa. Hata hivyo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ikafuata mwaka 2012. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vikisomwa sambamba, vifungu hivi viwili vinaleta swali ambalo idara za Kiswahili zinaweza kulishughulikia bila kungoja mtu: hati ya dhamana ya Kiswahili iandikweje?

Matatizo si ya msamiati tu. Anayetoa dhamana ataitwa mdhamini, lakini mdhamini kwa wasomaji wengi ni yule anayemtoa jamaa yake kituo cha polisi, au kampuni inayolipia jezi za timu ya mpira. Mtoaji wa dhamana ni refu zaidi, ila halipotoshi. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inatoa jaribio jingine zuri. Inaagiza maelekezo ya matengenezo ya gari jipya yaeleze katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito, kwamba mitambo ya kudhibiti moshi inaweza kutengenezwa na gereji yoyote au na mtu yeyote, mradi atumie vipuri vilivyoidhinishwa. Mfasiri aliyezoea kamusi angeandika mtu binafsi, na msomaji angeelewa mtu asiye wa serikali. Kinachokusudiwa ni mtu yeyote, awe fundi au asiwe.

Tatizo gumu zaidi ni lile la kauli. Mfasiri mwaminifu kwa umbo ataandika ibadilishwe na kunyamaza, kama asili ilivyonyamaza, na pengo litavuka kutoka Kiingereza hadi Kiswahili likiwa zima. Mfasiri mwaminifu kwa msomaji atalazimika kuliziba kwa mujibu wa sheria inayohusika. Kwa hati ya Marekani, sentensi iliyobuniwa mwanzoni mwa makala hii ingegeuka hivi:

Oili ya injini na chujio lake vibadilishwe na mwenye gari, au na fundi yeyote amtakaye, kila baada ya maili 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Oili iwe ya kiwango kilichotajwa katika ukurasa huu, na aliyeibadilisha aweke risiti na aandike tarehe na maili.

Imeongezeka kwa zaidi ya maneno ishirini, na hakuna hata moja lililo gumu kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza.